Safari ya Shanta: Kutoka Mbotela Mpaka Unguja na Pemba

Mtu akaaye katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, huanza safari kwa sababu zijulikanazo. Husafiri kwenda msibani, au harusini, au kumpeleka mtoto shuleni, au kurudi kwao mwisho wa mwaka akiwa na sukari, unga na nguo za watoto. Kusafiri kwa ajili ya kuona tu, bila ya kuitwa na mtu, ni jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa la wageni kutoka Ulaya, wale waonekanao wakishuka garini na mifuko mikubwa migongoni, nyuso zao zimekuwa nyekundu kwa jua.

Basi vijana wawili wa mtaa wa Mbotela, ulioko karibu na barabara ya Jogoo, walipowaambia jamaa zao kwamba watatumia likizo ya siku 14 kwenda kuviona visiwa vya Unguja na Pemba, hawakusifiwa. Mmoja wao ni karani katika ofisi mjini. Mwenziwe ni fundi wa magari, mzaliwa wa Majengo, Pumwani. Mwaka mzima walikuwa wameweka akiba katika chama chao, shilingi chache kila juma. Mama yake karani, ambaye hulima kahawa huko Kangundo, alikuwa akitumaini kwamba fedha hizo zitanunua mabati ya jiko lake, kwa kuwa ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu. Alipopata habari za safari hakukasirika. Aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, ni nani aliyekufa huko?"

Karani alijibu, "Hakuna aliyekufa, mama." Lakini swali lile liliondoka pamoja naye, likakaa moyoni mwake njia nzima.

MATAYARISHO NA NJIA

Kila mmoja alichukua shanta moja, yaani mfuko wa kubebwa mgongoni kama wabebavyo askari, aliyoinunua katika mitumba ya Gikomba. Ndani walitia nguo za kubadili, shuka, sabuni, tochi na dawa. Jambo kubwa zaidi lilikuwa hati. Mkenya aingiaye Tanzania hatozwi ada ya viza, lakini yafaa awe na pasi yake, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisikosekane. Tena hati hizo hutazamwa mara mbili: kwanza mpakani, na mara ya pili bandarini Unguja. Sababu yake ni kwamba Zanzibar ilikuwa nchi peke yake. Ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, ikawa na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, kisha ikaungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili mwaka huo huo. Ijapokuwa ni sehemu ya Tanzania, ina serikali yake, na wageni wake huwakagua yenyewe.

Waliondoka kwa gari la moshi lianzalo Syokimau, ambalo lilianza kazi mwaka 2017. Babu za watu wa Makongeni na Muthurwa, mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wafanya kazi wa reli, walizoea kulala njiani usiku kucha kabla ya kufika Mombasa. Siku hizi aondokaye asubuhi hufika alasiri. Katikati ya njia ni nyika ya Tsavo, na mwenye bahati huona ndovu wamesimama kando ya reli, ngozi zao nyekundu kwa udongo wa mahali pale.

Kutoka Mombasa walivuka Likoni kwa feri, wakashika barabara ya kusini kupita Ukunda na Msambweni mpaka Lunga Lunga, na ng'ambo ya mpaka ni Horohoro. Huko fedha hubadilika. Shilingi moja ya Kenya hupata karibu shilingi 20 za Tanzania, na msafiri asiye mwangalifu hujiona tajiri kwa muda wa siku mbili, kisha akashangaa mfuko umekwenda wapi.

Walilala Tanga. Asubuhi, katika kituo cha magari, fundi alisikia utingo akiita kwa sauti kubwa, "Pangani! Pangani!" Akacheka sana, maana ndivyo waitavyo utingo wa Nairobi kila siku. Lakini Pangani ya huku ni mji wa kale ulioko mdomoni mwa mto, na ile ya Nairobi ilikuwa kijiji cha Waafrika kilichovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenye nyumba wakahamishiwa mtaa mpya ulioitwa Shauri Moyo. Siku ile ile jioni, baada ya kupita mashamba ya mkonge na kuvuka mto Wami, walishuka Dar es Salaam wakatafuta chakula Kariakoo. Jina hili nalo ni la nyumbani. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote mbili zimepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi katika Vita Kuu ya kwanza ya 1914 mpaka 1918, ambao maelfu kwa maelfu hawakurudi makwao. Karani alianza kuona kwamba njia ile, ambayo alidhani ni ya ugenini, imejaa majina ya mitaa aliyoipita kila siku akienda kazini.

MJI NA NG'AMBO YAKE

Meli za upesi huchukua kadiri ya saa mbili kutoka Dar es Salaam mpaka Unguja. Bahari ilikuwa imechafuka kidogo, na watumishi wa meli wakapita wakigawa vifuko kwa wenye kichefuchefu. Karani alijikaza kwa muda wa dakika ishirini tu. Fundi, ambaye alitarajiwa kuugua zaidi, alilala usingizi mpaka bandari ya Malindi.

Mji Mkongwe wa Zanzibar umeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Njia zake ni nyembamba hata watu wawili wenye shanta hawapishani pasipo kugeuka ubavu. Milango ni ya mbao nzito zilizochorwa, na mbele ya nyumba nyingi kuna baraza za mawe, ambapo wazee hukaa jioni wakizungumza na kunywa kahawa. Ufukoni husimama Beit el Ajaib, nyumba kubwa aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake moja ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, na ni somo kwa kila mwenye jengo la kale, kwamba sifa haziwezi kushika ukuta usiotengenezwa.

Wageni wengi huishia hapo. Lakini vijana hawa walivuka barabara ya Darajani wakaenda upande wa pili, na huko ndiko walikojiona wamefika kwao. Hapo zamani palikuwa na hori la maji lililoutenga Mji Mkongwe na upande ule, kabla halijafukiwa. Upande wa mji walikaa wenye majumba ya mawe na biashara kubwa. Upande wa pili, ulioitwa Ng'ambo, walikaa wachukuzi, mafundi, watumishi, watu walioachwa huru kutoka utumwani, na wengine waliotoka bara kutafuta riziki. Kila mtu wa Eastlands aufahamu mpango huu bila ya kuelezwa. Nairobi nayo ilijengwa hivyo hivyo: ofisi na maduka makubwa upande mmoja, na ng'ambo ya mto na reli ndiyo mitaa ya wafanya kazi, watu ambao mji huwahitaji mchana na kuwarudisha kwao jioni.

Walipita Michenzani, kwenye yale majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, nguo zimeanikwa madirishani kama Eastlands. Kisha wakaingia katika vichochoro vya nyumba za chini. Hapo fundi alisimama mbele ya nyumba moja ambayo mlango wake ulikuwa wazi. Ilikuwa na baraza mbele, ukumbi mwembamba katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma kulikokuwa na majiko. Akasema, "Hii ni nyumba ya bibi yangu." Na kwa hakika nyumba za kale za Pumwani, mtaa uliowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, zilijengwa kwa mfano huo huo wa pwani, kila chumba na mpangaji wake, na wote wakipita katika ukumbi mmoja. Mfano ule ulipanda bara pamoja na watu wa pwani walioingia Nairobi mji ulipokuwa ungali mchanga.

ADABU YA MANENO

Jambo la lugha liliwapata asubuhi ya pili, katika mkahawa mdogo. Karani, ambaye shuleni alipata alama nzuri za Kiswahili, aliketi akasema kama asemavyo mjini kwake, "Leta chai mbili." Mwenye mkahawa, mzee mwenye kofia ya kufuma, alimtazama kwa upole akajibu, "Chai utaipata, mwanangu. Lakini hujambo kwanza?"

Karani aliona haya. Fundi, ambaye shule yake ilikwisha mapema, ndiye aliyeinuka kidogo akasema, "Shikamoo, mzee. Twaomba chai, na maandazi ikiwa yako." Mzee akaitikia marahaba kwa furaha, akaleta na vitumbua juu yake. Maneno yale fundi hakuyasoma kitabuni. Aliyasikia kwa bibi yake Majengo, na kwa miaka mingi aliyaacha kwa kuwa vijana wenziwe waliyacheka.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba Kiswahili kinachoandikwa vitabuni na magazetini kilitoka katika kisiwa hiki. Katika mkutano uliofanywa Mombasa mwaka 1928, Kiunguja, yaani msemo wa mji wa Zanzibar, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwa nchi za Afrika ya Mashariki, na mwaka 1930 ikawekwa kamati ya kukisimamia. Hivyo mtoto wa Kangundo au wa Kisumu afanyapo mtihani wake wa Kiswahili, hupimwa kwa kipimo kilichochukuliwa katika vichochoro hivi. Walakini kipimo cha shule hupima sarufi tu. Neno "naomba" halimgharimu mtu kitu, na huko visiwani hufungua milango ambayo fedha haiwezi kuifungua.

MKUNAZINI

Siku ya tatu walikwenda Mkunazini, lilipo kanisa kuu la Anglikana. Hapo palikuwa soko la watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza ya kulifunga, na kabla mwaka haujaisha msingi wa kanisa ukawekwa mahali pale pale. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, ndiye pia aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili na kutafsiri sehemu za Biblia. Nje kuna shimo lililochimbwa chini ya ardhi, na ndani yake sanamu za watu watano za mawe, wamefungwa minyororo shingoni. Katika jengo jirani wageni huteremshwa katika vyumba vya chini, vyenye dari fupi, ambavyo huonyeshwa kuwa ndimo watumwa walimofungiwa kabla ya kuuzwa.

Vijana walisimama humo bila ya kusema. Waliokuwa wakiletwa sokoni hapo walitoka mbali: pande za ziwa Nyasa, za Wayao, za Manyema, na kwingineko bara. Baada ya mapatano ya 1873 biashara haikukoma mara moja, bali iliendelea kwa siri, na manowari za Kiingereza zikawa zikikamata majahazi baharini. Wengi wa waliookolewa walipelekwa Freretown, karibu na Mombasa, mahali palipowekwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili yao.

Hapo ndipo karani alipokumbuka jambo ambalo alilijua siku zote pasipo kulifikiri. Katika watu wa Freretown ulikuwamo ukoo wa Mbotela. James Mbotela ndiye aliyeandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934, kinachosimulia jinsi watu walivyotekwa bara, wakauzwa, na baadaye wakapata uhuru wao pwani. Na Tom Mbotela, wa ukoo huo huo, alikuwa diwani wa Nairobi na kiongozi katika chama cha KAU. Aliuawa mjini Nairobi mwezi wa Novemba 1952, wakati wa Hali ya Hatari, na mtaa mmoja wa Eastlands ukapewa jina lake. Watu huliandika jina hilo katika barua na hati za kodi, na utingo hulipaza kando ya barabara ya Jogoo kila asubuhi, na wachache tu hukumbuka limetoka wapi.

"Kumbe tumekaa katika jina la watu hawa," karani alimwambia mwenziwe walipokuwa wakitoka juani. Fundi hakujibu neno.

GARI ZA SHAMBA

Kisiwa cha Unguja hakifiki kilomita 90 kwa urefu, na barabara zake kuu ni za lami. Wenye fedha hukodi pikipiki au motokaa, na kwa Mkenya kuendesha si tabu kwa kuwa magari hupita upande wa kushoto kama kwao. Lakini vijana hawa walipanda daladala ziendazo shamba, kwa kuwa nauli yake ni ndogo na mazungumzo yake ni mengi. Huko, kila mahali nje ya mji huitwa shamba, hata kama ni ufuko wa mchanga. Abiria hukaa wakitazamana, katikati kumewekwa magunia, ndoo za samaki, na mara nyingine kuku.

Msafiri mwangalifu huona upesi kwamba kisiwa kina pande mbili. Upande wa magharibi udongo ni mzuri, na huko ndiko kwenye mikarafuu, minazi, michungwa na mihogo. Upande wa mashariki ni mawe ya matumbawe yaliyofunikwa na udongo kidogo, na mkulima hupanda katika vishimo baina ya mawe. Katikati ya njia ni msitu wa Jozani, uliofanywa kuwa hifadhi ya taifa pamoja na ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Humo hukaa kima punju, mnyama mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani, ambaye asili yake ni kisiwa hiki tu, bara hayuko.

Katika vijiji vya Paje na Jambiani waliona shamba la namna ambayo karani hakuwahi kuiona. Maji yalipokupwa na kuacha mchanga mtupu mpaka mbali, wanawake walitoka na vigingi na kamba wakaenda kupanda mwani. Kilimo hiki kilianza pale mwishoni mwa miaka ya 1980. Vipande vidogo vya mwani hufungwa katika kamba, kamba zikafungwa vigingini, na baada ya majuma kadhaa huvunwa, hukaushwa juani na kuuzwa kwa wanunuzi wa nje, ambao huutumia kwa dawa, vyakula na vipodozi. Kazi ni ngumu, maana mwili hukaa katika maji ya chumvi saa nyingi. Lakini wanawake wengi wamesomesha watoto kwa kamba hizo.

Kusini, Kizimkazi Dimbani, uko msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Kiislamu, ndio 1107, na watu wangali wakisali humo. Kaskazini, Nungwi, mafundi bado huunda majahazi kwa mikono, kwa shoka, tezo na keekee. Fundi wa Mbotela alikaa nao nusu ya siku akiwatazama wakitoboa ubao pasipo umeme, na kazi iliwaunganisha upesi kuliko maneno.

PEMBA YA KARAFUU

Kuvuka kutoka Unguja kwenda Pemba si jambo la kufanyiwa mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli iitwayo Spice Islander, ikienda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi kwa kuwa ilipakia watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Kwa hiyo msafiri na atazame kwanza meli ina watu wangapi, na maboya ya kujiokolea yamewekwa wapi. Akiona imejaa kupita desturi, asione haya kungoja ya kesho. Nauli iliyopotea hurudi, mtu harudi.

Pemba si kama Unguja. Ni vilima na mabonde tangu Mkoani mpaka Chake Chake, na kutoka Chake Chake mpaka Wete, na pande zote ni miti. Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani. Mikarafuu ililetwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said aliwahimiza wenye mashamba kuipanda kwa wingi. Mwaka 1872 dhoruba kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika zaidi. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mashamba makubwa yalichukuliwa na serikali, na watu wengi wakagawiwa eka tatu tatu.

Vijana walifika wakati wa kuchuma. Harufu iliwapokea kabla ya kushuka garini, maana kando ya barabara palikuwa pametandazwa majamvi ya karafuu zikianikwa. Mchumaji hupanda juu ya mkarafuu, huvuta tawi kwa kamba, akachuma vikonyo kabla ua halijafunguka, kwa sababu likifunguka thamani imekwisha. Matawi ya mkarafuu huvunjika kwa urahisi, na hutokea watu wakaanguka. Chini hukaa wanawake na watoto wakichambua, yaani kutenga karafuu na makonyo yake. Kisha huanikwa siku kadhaa mpaka ziwe za rangi ya hudhurungi na kukatika kwa kucha. Mvua ikizinyeshea katika siku hizo huharibika. Makonyo nayo hayatupwi. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, kiko kiwanda cha kuyakamua mafuta.

Katika uwanja wa nyumba moja, bibi mmoja mzee aliwakaribisha. "Karibuni, wanangu. Mwatoka wapi?"

"Twatoka Nairobi, bibi," alisema karani, ambaye safari hii alikuwa amekwisha kutoa shikamoo.

"Nairobi! Na huku mmemfuata nani?"

"Hatukumfuata mtu, bibi. Tumekuja kuona tu."

Bibi akacheka, akawasogezea jamvi. "Basi kaeni mchambue. Mtaona vizuri zaidi."

Wakakaa, wakachambua mpaka adhuhuri, vidole vikawa vyeusi na kunuka vizuri. Bibi aliwapa muhogo wa nazi na samaki. Karani alitazama mikono yake bibi ikienda upesi pasipo kutazamwa, akaona mikono ya mama yake Kangundo ikitenga buni mbivu na mbichi.

KURUDI

Walirudi kwa njia ile ile, ila Mombasa walikaa siku moja zaidi wakavuka daraja la Nyali mpaka Kengeleni. Hapo, njia panda, magari yakipita pande zote, imesimama bado kengele ya Freretown, ambayo zamani ilipigwa kuwaonya watu walioachwa huru wakati wa hatari. Waliitazama kwa dakika chache, kisha wakaenda zao kupanda gari la moshi.

Jumamosi iliyofuata karani alikwenda Kangundo. Hakuchukua zawadi kubwa, ila pakiti ndogo ya karafuu aliyoinunua dukani Unguja, pamoja na risiti yake, kwa kuwa kuvusha karafuu kwa magendo ni kosa kubwa visiwani. Mama alitia punje mbili katika chai. Akauliza huchumwa na nani, naye akamweleza habari za bibi wa Pemba na mikono yake. Mama akafikiri kidogo, akauliza swali la mkulima: "Nao hulipwa lini?"

"Hupeleka kituoni, zikapimwa, wakapewa fedha zao papo hapo," alijibu karani. Mama hakusema neno kwa muda, maana fedha za kahawa yake hungojwa miezi mingi. Kisha akasema kwamba jambo hilo atalisema katika mkutano wa chama cha ushirika.

Ndipo karani alipomwambia, "Mama, uliniuliza ni nani aliyekufa huko. Nilikujibu vibaya. Wapo." Akamsimulia habari za Mkunazini, za Freretown, na za jina la mtaa anaokaa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba safari ilikuwa njema, wala hakuyataja mabati. Alisema tu kwamba amekwenda msibani, kwa hiyo hakupotea.

Mabati yalichelewa miezi mitano, na hilo halifichiki. Mwenye wazee wanaomtegemea na apime kabla ya kufunga shanta, na aweke kando fedha za nyumbani kwanza. Lakini aliye na akiba ndogo na miguu yenye nguvu asidhani kwamba kuona nchi ni kazi ya wageni peke yao. Njia ni ya siku tatu, lugha ni moja, na majina yaliyoko mbele ni yale yale aliyoyaacha nyuma. Wazee wa pwani husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Vijana wale wamerudi Mbotela, mmoja ofisini na mmoja chini ya magari yake, na jirani zao husema kwamba siku hizi karani akiingia mkahawani kando ya barabara ya Jogoo, husalimu kwanza ndipo akaomba chai.